Frances Power Cobbe na mnyama asiyepaswa kuzinduka

Katika maabara za nchi nyingi hii leo, mnyama aliyepasuliwa kwa ajili ya utafiti haachwi azinduke ili ateseke. Huuawa angali usingizini. Kanuni hiyo iliingia katika sheria ya Uingereza mwaka 1876, na miongoni mwa waliolisukuma Bunge zaidi ni mwanamke ambaye hakuwa hata na haki ya kupiga kura. Ajabu ni kwamba mwanamke huyo, Frances Power Cobbe, aliishi karibu miaka 28 baada ya sheria hiyo kupitishwa, na muda wote huo aliipinga.

Binti wa mwenye ardhi

Bibi Cobbe alizaliwa mjini Dublin tarehe 4 Desemba mwaka 1822, katika ukoo wa wenye ardhi wa Ireland. Alilelewa katika jumba la Newbridge, nje ya mji huo, akapelekwa shule ya wasichana huko Brighton, Uingereza. Baadaye alijisomesha mwenyewe falsafa na dini. Alipomweleza baba yake kwamba ameiacha imani ya Kikristo aliyofundishwa utotoni, alifukuzwa nyumbani kwa muda, kisha akarudishwa kuitunza nyumba.

Baba alipofariki mwaka 1857, binti huyo akawa huru. Alisafiri hadi Misri na Palestina, na aliporejea akafanya kazi Bristol pamoja na Mary Carpenter, aliyekuwa akiwalea watoto waliopotoka. Kisha akaingia katika uandishi. Kuanzia mwaka 1868 hadi 1875 aliandika tahariri katika gazeti la Echo la London, jambo lililokuwa nadra kwa mwanamke wa zama zile. Aliishi na mchongaji sanamu Mary Lloyd, waliyejuana Roma, na hawakutengana hadi kifo.

Kalamu yake haikuwatetea wanyama peke yao. Mwaka 1878 aliandika kuhusu wanawake waliokuwa wakipigwa na waume zao, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria iliyomwezesha mke aliyejeruhiwa kutengwa na mume wake kwa amri ya hakimu. Kwake yeye mambo hayo mawili yalikuwa na mzizi mmoja: mwenye nguvu anapopewa kiumbe asiyeweza kujitetea, sheria haina budi kusimama kati yao.

Kutoka Florence hadi Bungeni

Safari yake ya kupinga upasuaji wa wanyama hai ilianzia Florence, Italia, mwaka 1863. Katika mji huo Profesa Moritz Schiff alikuwa akifanya majaribio juu ya mbwa na wanyama wengine. Bibi Cobbe aliandika ombi la kumtaka profesa huyo apunguze mateso, na watu zaidi ya 700 wakatia saini. Ombi hilo halikumzuia Schiff.

Wakati huo dawa za usingizi, yaani etha na klorofomu, zilikuwa zimekwisha kujulikana kwa zaidi ya miaka kumi. Hapo ndipo hoja ilipokuwa kali. Zamani daktari angeweza kusema kwamba maumivu hayaepukiki. Sasa yaliweza kuepukika, na swali likawa ni nani atakayemlazimisha mtafiti kuitumia nusukaputi, na mnyama atafanywa nini dawa itakapoisha mwilini.

Mwaka 1875 Bibi Cobbe alishiriki kuunda chama cha kuwalinda wanyama hao, kilichokuja kujulikana kwa jina la mtaa wa Victoria Street, zilipokuwa ofisi zake. Rais wake wa kwanza alikuwa Lord Shaftesbury. Mwaka huohuo serikali iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza suala hilo. Mtafiti mmoja, Emanuel Klein, aliieleza tume hiyo bila kusita kwamba katika kazi zake za utafiti hakuyajali maumivu ya mnyama, na kwamba alitumia dawa ya usingizi kwa ajili ya urahisi wake mwenyewe. Ushahidi huo uliwashtua hata baadhi ya waliounga mkono utafiti.

Sheria yenye mlango wa nyuma

Sheria ilipitishwa Agosti 1876. Ilimtaka kila mtafiti awe na leseni, na mnyama alazwe kwa dawa yenye nguvu ya kutosha kuzuia maumivu. Kurare, sumu inayompooza mnyama bila kumwondolea hisia, haikuhesabiwa kuwa dawa ya usingizi. Na ikiwa maumivu yangeweza kuendelea baada ya dawa kuisha, au ikiwa mnyama amepata jeraha kubwa, ilikuwa lazima auawe kabla ya kuzinduka.

Lakini muswada ulikuwa umepunguzwa makali kutokana na shinikizo la madaktari. Kwa cheti maalumu kilichotiwa saini na wanasayansi wakubwa, mtafiti aliweza kusamehewa masharti hayo. Angeweza kufanya jaribio bila nusukaputi, au kumwacha mnyama aamke ikiwa kumuua kungeharibu lengo la jaribio. Bibi Cobbe aliona kwamba sheria aliyoipigania imegeuka kuwa ngao ya mtafiti. Tangu hapo hakutaka tena upasuaji wa wanyama hai udhibitiwe, bali ufutwe kabisa.

Msimamo huo ulimgharimu. Mwaka 1892 kilitolewa kitabu, chini ya usimamizi wake, cha kuonyesha ukatili wa maabara. Daktari mpasuaji Victor Horsley alithibitisha hadharani kwamba katika maelezo ya majaribio kadhaa, kitabu kiliacha kusema kuwa wanyama walikuwa wamelazwa kwa dawa. Kosa lilikuwa la kweli, na kitabu kikaondolewa sokoni ili kisahihishwe. Katika miaka hiyohiyo tiba ya dondakoo, iliyotokana na majaribio juu ya wanyama, ilianza kuokoa maisha ya watoto wa Ulaya. Hoja yake ikawa ngumu zaidi kuitetea mbele ya mzazi mwenye mtoto mgonjwa.

Mwaka 1898 chama chake cha zamani kiliamua kudai kwanza marekebisho madogo madogo. Bibi Cobbe, akiwa na umri wa miaka 75, alijitoa na kuanzisha chama kingine mjini Bristol cha kudai marufuku kamili. Chama hicho kipo hadi leo, na tangu mwaka 2015 kinaitwa Cruelty Free International.

Wosia

Miaka yake ya mwisho aliimalizia Hengwrt, karibu na Dolgellau, nchini Wales. Mary Lloyd alifariki mwaka 1896. Bibi Cobbe alimfuata tarehe 5 Aprili 1904, na wote wawili wamezikwa katika kijiji cha Llanelltyd.

Katika wosia wake aliacha agizo lililowashangaza wengi. Alihofia kuzikwa akiwa hai, hofu iliyokuwa ya kawaida katika karne ile. Akaagiza kwamba kabla ya kuzikwa, daktari aikate kabisa mishipa ya damu ya shingo yake pamoja na njia ya pumzi, ili pasiwe na uwezekano wowote wa kuzinduka kaburini. Agizo hilo lilitekelezwa na Daktari Walter Hadwen, aliyekuja kuliongoza jeshi lake la wapinzani wa maabara.

Sheria ya 1876 ilidumu kwa miaka 110, hadi ilipobadilishwa mwaka 1986. Sheria mpya ina orodha ya njia zinazokubalika za kumuua mnyama kwa upole, kama vile kumzidishia dawa ya usingizi, au kumvunja shingo kwa ustadi mnyama mdogo. Haitoshi mnyama aonekane amekufa. Ni lazima kifo kithibitishwe, na mojawapo ya njia zilizowekwa ni kuitoa damu yake yote. Tahadhari ambayo Bibi Cobbe aliitaka kwa mwili wake ndiyo inayotakiwa leo kwa panya wa maabara.

Hata hivyo, yeye asingeridhika. Mwaka 1903, kabla hajafariki, majaribio yaliyoandikishwa Uingereza yalikuwa yamefikia zaidi ya 19,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 yalizidi milioni mbili na nusu. Watafiti wenyewe bado wanabishana iwapo hewa ya kaboni dayoksaidi, inayotumika sana kuwaua panya, haiwapi hofu na maumivu kabla ya kupoteza fahamu.

Walioitunga sheria waliamini kwamba kifo kisicho na maumivu kinatosha kuwa haki ya mnyama anayetumika kwa manufaa ya binadamu. Frances Power Cobbe aliamini kwamba hicho ndicho kidogo kabisa anachostahili, na kwamba hakimpi binadamu ruhusa ya kuuchukua uhai wake. Dunia imelichukua sharti lake dogo na kuliacha dai lake kubwa.