Wissmann na meli iliyofika Ziwa Nyasa vipande vipande

Hakuna meli inayoweza kutoka baharini ikaingia Ziwa Nyasa. Mto Shire unaomwaga maji ya ziwa hilo kuelekea Zambezi umekatwa na maporomoko, hivyo chombo chochote kikubwa lazima kijengwe ufukweni. Ndivyo ilivyokuwa kwa MV Ruvuma na MV Njombe zilizojengwa Itungi, wilayani Kyela, na ndivyo ilivyokuwa miaka zaidi ya mia moja kabla yake, Wajerumani walipoleta meli iliyopewa jina la Hermann von Wissmann.

Wissmann alizaliwa mwaka 1853 katika mji wa Frankfurt an der Oder, akawa mwanajeshi. Alianza safari ya kulivuka bara la Afrika mwaka 1881 kutoka Luanda, na mwaka 1882 akatokea Saadani, pwani ya Tanzania ya leo. Alivuka mara ya pili miaka ya 1886 na 1887, na safari hiyo ndiyo iliyompitisha Ziwa Nyasa.

Watu wa pwani wanamkumbuka kwa jambo jingine. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilimtuma na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani, kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Bwana Heri wa Saadani alisalimu amri mwaka uliofuata.

Baada ya hapo ndipo likaja suala la meli. Kamati iliyojiita ya kupinga utumwa ilichangisha fedha Ujerumani kwa bahati nasibu, ili meli ya mvuke ipelekwe kwenye maziwa makuu. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuwazuia wauza watumwa, ingawa meli yenye mizinga hutumika pia kumtisha mwenye nchi. Mpango wa kwanza haukuwa Ziwa Nyasa, lakini njia ya mito ya Zambezi na Shire ilionekana kuwa nafuu kuliko kubeba vyuma kutoka pwani hadi Ziwa Victoria.

Nafuu hiyo ilikuwa ya kiasi tu. Meli iliundwa Hamburg, ikafunguliwa, na kusafirishwa ikiwa mabati, mbavu, mabomba na sehemu za injini. Kwenye maporomoko ya Shire kila kitu kilishushwa na kupitishwa nchi kavu. Vipande vidogo vilibebwa na wapagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30 hivi. Kipande kizito kama boila hakigawanyiki, kwa hiyo kilikokotwa na watu wengi kwa pamoja. Mzigo wa namna hiyo ukipoteza kipande kimoja njiani, vingine vyote vinangoja, maana kiwanda cha kukitengeneza upya kiko Ulaya.

Kazi hiyo ilichukua miaka ya 1892 na 1893. Mafundi waliunganisha meli huko Shire ya juu, kisha ikaingia ziwani, na kituo cha Langenburg kikaanzishwa kaskazini. Wissmann alirudi kuwa gavana mwaka 1895, lakini afya yake ilikuwa mbaya na mwaka 1896 akaondoka. Juni 1905 alikufa huko Austria kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mwezi uliofuata Vita vya Maji Maji vilianza, na Februari 1906 machifu wa Kingoni walinyongwa Songea. Utawala alioujenga kwa bunduki uliendelea kwa bunduki.

Meli yake iliendelea kufanya kazi. Ilitumia kuni, kwa hiyo kila bandari ilihitaji watu wa kukata na kurundika magogo. Chelezo chake kilikuwa Liuli, ambako Wajerumani waliita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lililofanana na sanamu ya Misri.

Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa chelezoni kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza Ulaya. Tarehe 13 Agosti meli ya Waingereza, Gwendolen, iliyoongozwa na nahodha Rhoades, ikatokea na kufyatua mzinga. Wawili hao walikuwa marafiki, na Berndt alitoka kwa mtumbwi akiwa na hasira kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Alikamatwa papo hapo. Waingereza hawakuhitaji kuizamisha meli. Waling'oa sehemu muhimu za injini, wakaondoka nazo.

Ikabaki juu ya chelezo, nzima kwa macho, na haifai kwa lolote. Vipuri haviwezi kuletwa wakati bahari imefungwa na vita. Hata hivyo Waingereza waliogopa mafundi wa Kijerumani, wakarudi Liuli Mei 1915 na kuiharibu zaidi. Vita vilipoisha waliitengeneza wenyewe, wakafuta jina la Wissmann na kuipa la mfalme wao.

Sanamu ya Wissmann iliyosimama Dar es Salaam, mahali ilipo leo Sanamu ya Askari, nayo iliondolewa na Waingereza na ikaishia Hamburg, mji ule ule meli yake ilikoundwa. Wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha miaka ya 1960.