James Hutton na Mishipa ya Granaiti

James Hutton alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1726. Alisomea udaktari, akageukia kilimo, na hatimaye akajitoa kuchunguza miamba. Zama hizo wataalamu wengi walishika kwamba granaiti iliganda katika maji ya bahari ya kale, nayo ndiyo mzee wa miamba yote. Hutton aliamini kwamba ilipanda kutoka chini ya ardhi ikiwa uji wa moto.

Hakuridhika na kuamini tu. Mwaka 1785 alikwenda katika bonde la Glen Tilt, milima ya Grampian. Huko mtoni aliona mishipa ya granaiti nyekundu imepenya na kuyapasua matabaka ya mwamba mweusi. Kipenyacho hakiwezi kukitangulia kilichopenywa. Na granaiti isingepenya hivyo kama haikuwa imeyeyuka. Alishangilia hata viongozi wake wa njia wakadhani amepata dhahabu au fedha. Alifariki mwaka 1797.

Nasi walimu, tufundishapo miamba, tusianze na majina ya kukaririwa. Tuwapeleke watoto mtoni au machimboni, tuwaulize ni mwamba upi uliotangulia, kisha tuwaache watafute ushahidi katika jiwe lenyewe.