Carrington na Mlipuko wa Jua

Yako mambo ya mbinguni yamhusuyo baharia kuliko anavyodhani. Jua lilipukapo, miale ya eksirei huvuruga tabaka la juu la hewa upande wa dunia ulio mchana, na redio za mawimbi mafupi hunyamaza kwa dakika kadhaa au hata saa nzima. Athari huwa kali zaidi pale jua lilipo utosini, yaani katika nchi za ikweta kama yetu. Kwa hiyo maisha ya Richard Carrington, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1826, si habari ya mbali kwa watu wa visiwani.

Baba yake alikuwa na kiwanda cha bia. Mwana alipendelea nyota. Akajenga nyumba na darubini huko Redhill, kusini ya London, na tangu mwaka 1853 akawa akipima madoa ya jua kwa gharama yake mwenyewe. Baba alipofariki mwaka 1858, ilimbidi asimamie kiwanda, lakini vipimo hakuviacha.

Tarehe 1 Septemba 1859, saa 5:18 asubuhi, alipokuwa akichora kundi kubwa la madoa, aliona mianga miwili mikali ikichomoza humo. Alikimbia kutafuta shahidi. Aliporudi, dakika moja haijatimia, nuru imekwisha fifia. Baada ya dakika tano haikuwako. Bahati njema Richard Hodgson, naye akiwa mahali pengine, aliiona pia.

Kabla ya kucha siku ya pili, sumaku ya dunia ilitikisika. Telegrafu zilivurugika Ulaya na Marekani, na anga likawaka rangi hadi visiwa vya Karibi. Carrington hakukubali kudai kwamba la kwanza limezaa la pili, kwani tukio moja halikumtosha. Wangapi wangejizuia hivyo?

Tena, dakika ile ile ya mwanga, chombo cha kupimia sumaku huko Kew kiliandika mshtuko mdogo. Leo twajua ulikuwa alama ya eksirei, ambazo Röntgen alizigundua mwaka 1895. Kwa kuwa hewa huzizuia zisifike ardhini, ilibidi vyombo vipelekwe angani. Yohkoh ya Wajapani, iliyorushwa mwaka 1991, ilionyesha milipuko ikizuka katika matao ya sumaku, eksirei kali zikitoka kwenye nyayo za tao na hata juu ya kilele chake.

Carrington alifariki mwaka 1875, na umri wa miaka 49. Mchoro wake ulihifadhiwa, na karatasi za Kew pia. Maofisa wasimamiao redio za vyombo vyetu wangefanya vema kuandika daftarini kila saa redio inaponyamaza mchana bila sababu.