Michael Graham, mtafiti aliyeonya mapema kuhusu mustakabali wa uvuvi Ziwa Victoria

Kila Serikali inapotangaza matokeo ya sensa ya uvuvi katika Ziwa Victoria, au inapokumbusha wavuvi ukubwa wa matundu ya nyavu yanayoruhusiwa kisheria, inaendeleza kazi iliyoanza karibu karne moja iliyopita. Aliyeiweka kazi hiyo katika misingi ya kisayansi ni Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, aliyeongoza utafiti wa kwanza wa kina kuhusu uvuvi wa ziwa hilo mwaka 1927 na 1928.

Graham alizaliwa mwaka 1898. Akiwa bado kijana aliajiriwa katika maabara ya Serikali ya Uingereza ya utafiti wa uvuvi iliyopo Lowestoft, mji wa bandari mashariki mwa nchi hiyo. Huko alichunguza samaki wa Bahari ya Kaskazini, hususan chewa wa maji baridi, na kujifunza namna ya kupima hali ya samaki wasioonekana kwa kuhesabu wale wanaovuliwa. Ujuzi huo ndio uliofanya atumwe Afrika Mashariki.

Wakati huo Ziwa Victoria lilikuwa katika mabadiliko makubwa. Kwa vizazi vingi wakazi wa mwambao walivua kwa migono, ndoana, mitego na nyavu za mafunjo. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwaka 1901, na soko la samaki likapanuka hadi miji ya mbali. Mwaka 1905 hivi nyavu za makila zilianza kutumika katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo sasa inajulikana kama Ghuba ya Winam. Samaki aliyetafutwa zaidi alikuwa ngege, aina ya sato wa asili wa ziwa hilo.

Ndani ya miaka 20 dalili za kupungua kwa samaki zilianza kuonekana. Serikali za kikoloni zilihitaji kujua ukubwa wa tatizo na hatua za kuchukua. Graham alipewa jukumu hilo, akisaidiwa na mtafiti kijana, Edgar Barton Worthington, ambaye baadaye alijulikana sana kwa tafiti zake za maziwa ya Afrika.

Graham hakutegemea malalamiko wala hisia. Alivua kwa nyavu za majaribio katika sehemu mbalimbali za ziwa, kisha akahesabu samaki walionaswa na wavu mmoja kwa usiku mmoja. Kipimo hicho kina maana kubwa, kwa kuwa jumla ya samaki wanaofika sokoni inaweza kubaki palepale kwa sababu tu nyavu zimeongezeka, huku kila mvuvi akipata pungufu. Idadi ya samaki kwa kila wavu ndiyo inayoeleza hali halisi ya ziwa.

Matokeo yalikuwa bayana. Nyavu za makila zilipoanza kutumika, wavu mmoja uliweza kunasa kati ya samaki 50 na 100 kwa usiku. Kufikia wakati wa utafiti, wavu wa aina hiyo katika Ghuba ya Kavirondo haukufikisha hata samaki 10. Mwaka 1928 Graham pia alimwelezea ngege kisayansi kwa mara ya kwanza, na kumpa jina la Kilatini linalomaanisha anayefaa kuliwa.

Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1929. Ndani yake kulikuwa na mambo matatu ambayo yangali na uzito hadi sasa. Kwanza, alishauri nyavu za makila zenye matundu chini ya inchi 5 zipigwe marufuku, ili ngege apate nafasi ya kukua na kuzaa kabla ya kuvuliwa. Pili, alishauri ziwa lote liwe chini ya mamlaka moja ya kusimamia uvuvi na kukusanya takwimu, kwa kuwa samaki hawatambui mipaka ya nchi. Tatu, alitahadharisha kwamba kuingiza ziwani samaki mkubwa anayekula wenzake kutoka maji mengine kungekuwa na hatari kubwa kama hakungetanguliwa na utafiti wa kina.

Ushauri wa kwanza ulikubaliwa mapema miaka ya 1930, lakini sharti la inchi 5 lilianza kuondolewa katikati ya miaka ya 1950 na wavuvi wakahamia kwenye matundu madogo zaidi. Ngege akapungua mno. Ushauri wa pili ulizaa idara ya pamoja ya uvuvi wa ziwa mwaka 1947, sambamba na taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki yenye makao Jinja, Uganda. Hata hivyo, idara hiyo ya pamoja haikudumu, na usimamizi ukarudi kwa kila nchi peke yake.

Tahadhari ya tatu haikuzingatiwa. Katika miaka ya 1950 sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria, ingawa baadhi ya watafiti walipinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliongezeka kwa kasi, na mamia ya aina za furu, ambazo hazipatikani popote pengine duniani, zikatoweka au kubaki chache mno. Kwa upande mwingine, sangara alileta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni kwa nchi zote tatu. Faida na hasara hizo zilikuja bila utafiti wa awali ambao Graham aliuomba.

Baada ya kurejea kwao, Graham aliendelea na hoja ileile. Mwaka 1935 alichapisha kazi iliyoonesha kwa hesabu kwamba kupunguza uvuvi uliokithiri kunaweza kuongeza mavuno. Mwaka 1943, katika kitabu chake kuhusu uvuvi wa baharini, alieleza kuwa uvuvi usio na kikomo huishia kukosa faida. Aliongoza maabara ya Lowestoft kuanzia mwaka 1945 hadi 1958, na chini yake walifanya kazi Raymond Beverton na Sidney Holt, ambao hesabu zao za kukadiria samaki zinatumika duniani kote. Graham alifariki dunia mwaka 1972, takriban muongo mmoja kabla ya sangara kutawala ziwa.

Wazo lake la kulisimamia ziwa kwa pamoja lilipata sura mpya mwaka 1994, Tanzania, Kenya na Uganda ziliposaini mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Tanzania ina takriban asilimia 51 ya ziwa hilo, Uganda asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Tangu mwaka 2000 nchi hizo zimekuwa zikifanya sensa za uvuvi kwa utaratibu unaofanana, zikihesabu wavuvi, mitumbwi, injini na zana, ili takwimu za Mwanza ziweze kulinganishwa na zile za Kisumu na Entebbe.

Kwa upande wa Tanzania, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) hufanya tafiti za ziwa hilo, huku vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vikishiriki kukusanya takwimu kwenye mialo. Ubora wa takwimu hizo unaanzia kwa mvuvi anayetaja kwa usahihi idadi ya nyavu alizotega na uzito wa samaki alioshusha. Takwimu isiyo sahihi kutoka mwalo mmoja inaingia katika makadirio ya ziwa zima, na makadirio hayo ndiyo yanayotumiwa kupanga ni nani avue, kwa zana gani na kwa kiasi gani.