Tom Mboya: Bwana Afya Kabla ya Uwaziri

Hayati Thomas Joseph Mboya anapotajwa, wengi humkumbuka mwanasiasa kijana aliyewasafirisha wanafunzi kwa ndege hadi Marekani, au waziri aliyeuawa katikati ya jiji la Nairobi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kazi ya kwanza aliyosomea na kuifanya ilikuwa ya ukaguzi wa afya, ile ambayo watu wa mitaani huiita kazi ya bwana afya. Kazi hiyo aliifanya kwa takriban miaka mitatu tu. Hata hivyo, ni vigumu kuuelewa mkondo wa maisha yake bila kuizingatia.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, eneo la Thika. Wazazi wake, Leonard Ndiege na Marcella Onyango, walikuwa wenyeji wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, ambacho leo kimo katika Kaunti ya Homa Bay. Ndiege aliingia shambani humo akiwa kibarua wa kukata mkonge, akapanda ngazi hadi akawa mnyapara. Safari yake haikuwa ya ajabu. Kutoka Ogwedhi na Suna, mpakani mwa nchi ya Wamaasai, hadi visiwa vya Rusinga na Mfangano, vijana wa Kavirondo Kusini walikuwa wakiacha makwao kutafuta fedha za kodi katika mashamba ya mkonge, chai na miwa, na baadaye mijini.

Eneo walilolitoka lilikuwa limeonja maradhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliangamiza watu wengi kandokando ya ziwa, na bonde la Lambwe likaendelea kuogopwa kwa miongo mingi kwa sababu ya mbung'o. Makao ya serikali yalikuwa mbali, Kisii. Huduma za tiba zilizowafikia wanakijiji zilitoka aghalabu kwa wamisheni, mathalani Waadventista waliopiga kambi Gendia mnamo 1906 na baadaye wakaanzisha hospitali huko Kendu Bay. Kwa hiyo mtu wa Rusinga alikuwa kati ya mambo mawili: nyumbani hakuna daktari, na ugenini anakofanya kazi anathaminiwa kwa nguvu za mikono yake tu.

Mtoto Mboya alikulia ugenini huko. Alikizungumza Kikamba kama mwenyeji, na Kiswahili, lugha iliyowaunganisha vibarua wa makabila mbalimbali, akakipata mapema. Jambo hili lilimfaa sana alipokuja kuwahutubia wafanyakazi wa Nairobi na Mombasa. Alianza masomo katika misheni ya Kabaa, Ukambani, akaendelea St. Mary's Yala, kisha Mang'u. Mwishoni mwa 1947 karo ilikuwa mzigo mzito kwa mzee Ndiege, aliyekuwa na watoto wengine wa kusomesha. Mwana akatafuta mafunzo yasiyodai karo, na mwaka 1948 akaingia chuo cha wakaguzi wa afya kilichokuwa Jeanes School, Kabete. Umaskini, basi, wala si wito, ndio uliomtia katika taaluma ya afya. Huko Kabete wanafunzi wenzake walimchagua kuwaongoza.

Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Bwana afya huingia pale ambapo mgeni wa kawaida haingii: jikoni, chooni, uani, na katika chumba ambamo watu wengi hulala. Nairobi ya wakati huo ilikuwa imejengwa kwa fikra kwamba Mwafrika ni mpita njia. Mshahara wake ulikadiriwa kumtosha mtu mmoja asiye na familia, na makazi yake yakakadiriwa kwa kitanda badala ya nyumba. Mke na watoto walibaki mashambani, na kibarua akiugua sana alirudi kwao, huko kusiko na daktari. Hayo ndiyo mazingira ambamo mkaguzi alitakiwa kuhimiza usafi.

Mkaguzi mwenyewe hakusalimika. Mkaguzi Mwafrika alilipwa mshahara mdogo mno kuliko wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Katika kitabu chake cha mwaka 1963, Freedom and After, Mboya anasimulia jinsi mama mmoja wa Kizungu alivyoingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamkuta yeye peke yake, kisha akauliza kama hamna mtu. Kijana yule akamuuliza iwapo macho yake yalikuwa na kasoro. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Lakini tukio lenyewe lilikuwa zito, kwa maana mama alikuwa na haja ya kuhakikishiwa kwamba maziwa ni salama, na mwenye ujuzi wa kumhakikishia alikuwa amesimama mbele yake.

Mboya aligeukia chama cha watumishi wa baraza, akakijenga hadi kikawa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, kazi yake barazani ilikoma, na akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi akiwa na umri wa miaka 23. Hoja aliyoishikilia humo ilikuwa ile aliyoiona katika vyumba alivyokagua: kwamba mshahara uwe wa kulisha familia. Kamati ya Carpenter ilipendekeza vivyo hivyo mwaka 1954. Mwaka uliofuata alisuluhisha mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, ambao hatimaye walipata nyongeza ya takriban theluthi moja ya mshahara.

Yaliyofuata yanajulikana: masomo ya Ruskin College, Oxford; ushindi wa kiti cha Nairobi mwaka 1957; uenyekiti wa mkutano wa Accra mwaka 1958; ndege ya wanafunzi 81 mwaka 1959; ukatibu mkuu wa KANU; kisha uwaziri.

Akiwa waziri wa mipango ya uchumi, Mboya ndiye aliyekuwa nguvu kuu nyuma ya Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo uliyataja maradhi miongoni mwa maadui wa kushindwa. Hata hivyo, ulielekeza pia kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe kule zitakakozalisha haraka zaidi, yaani kwenye mvua, reli, barabara na watu walio tayari. Matunda yake yangewafikia wengine baadaye. Kwa kigezo hicho Rusinga, Ogwedhi na Lambwe hazikuwa na la kujitetea. Mtu anaweza kumtetea Mboya kwa kusema kwamba hazina ilikuwa changa na mahitaji yalikuwa mengi. Hata hivyo, ni kinaya kikubwa kwamba mwana wa kibarua mhamiaji alitia mkono katika sera iliyowaacha wa kwao wajijengee zahanati kwa harambee, huku baadhi ya zahanati hizo za vijijini zikikosa wauguzi na dawa baada ya kuta kusimama.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi mchana, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani kwenye Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga alipatikana na hatia na kunyongwa mwaka huo huo, ingawa swali la aliyemtuma halijapata jibu hadi leo. Msafara wa maiti ulitoka Nairobi, ukapitia Nakuru na Kisumu, ukazunguka ziwa hadi Mbita. Alizikwa Rusinga, ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji ambao, wakati huo, mgonjwa wa kisiwani aliyehitaji hospitali hakuwa na budi kuvushwa kwa chombo.