Margaret Mitchell, mama aliyekatala kuendelesha hadithi

Wasomaji wetu, wengi kati yenu munajua Autant en emporte le vent juu ya sinema yake. Scarlett na Rhett wanapendana, wanagombana, wanaoana, na ku mwisho bwana anamuacha bibi ku mulango, anaenda zake. Je, walirudiana? Swali hilo njo lilimufuata mwandishi mpaka kifo, na hata nyuma ya kifo.

Margaret Mitchell alizaliwa ku Atlanta, Marekani, mu mwaka 1900. Akiwa mutoto alisikiliza wazee wakieleza vita ya wenyewe kwa wenyewe, ile ya 1861 mpaka 1865. Mu 1919 mama yake alikufa na grippe kubwa. Margaret akaacha masomo, akarudi kutunza nyumba ya baba. Kisha akapata kazi ya gazeti. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika mbio. Ya pili, na John Marsh, mu 1925, ilidumu.

Mu 1926 mguu ulimuuma sana, akaacha kazi. Akiwa anakaa paka nyumbani, akaanza kuandika. Na alianza na mwisho: sura ya kuachana njo aliandika mbele ya zingine zote. Kwake, hadithi yote ilikuwa inatembea kwenda fasi ile.

Kitabu kilitoka mu Juni 1936. Mbele ya mwaka kuisha, kopi milioni moja zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Mu 1937 alipata zawadi ya Pulitzer. Lakini watu weusi wa Marekani walilalamika, na walikuwa na haki: utumwa umeonyeshwa humo sawa maisha matamu. Kisha, kwa siri, Margaret alilipia wanafunzi weusi masomo ya udaktari.

Barua zilianguka sawa mvua. Wengi waliomba jambo moja: andika kitabu cha pili, rudisha Rhett ku nyumba. Alijibu barua nyingi sana, lakini ombi hilo alilikatala. Hata yeye, alisema, hakujua kama walirudiana.

Mu Agosti 1949, akivuka barabara na bwana yake kwenda sinema, motokari ilimugonga. Nyuma ya siku tano akafa, miaka 48. Bwana yake akachoma karibu makaratasi yote ya kitabu. Machache tu yalihifadhiwa, kusudi watu wasibishane kama ni yeye aliyeandika.

Wandugu waliorizi mali yake walilinda neno lake miaka mingi. Mwishowe walitoa ruhusa. Mu 1991 Alexandra Ripley akatoa kitabu Scarlett: bibi anafika mpaka Irlande, na ku mwisho anarudiana na Rhett. Kiliuzwa mamilioni. Wahakiki wakakicheka. Wasomaji wakagawanyika: hawa wakafurahi kwa sababu moyo umetulia, wale wakasema Scarlett yule si yule wao.

Wote wawili tunawaelewa. Anayependa hadithi anataka isiishe. Lakini mama huyu alijua mwisho wake mbele ya kujua mwanzo. Mutu akijenga nyumba na kuacha mulango wazi, mwingine anaweza kuufunga. Ila asiseme ni mwenye nyumba aliyeufunga.