Harry Houdini na Pigo la Tumboni

Katika kurasa hizi tumezoea kuwaletea habari za maaskofu na wamisionari wa zamani. Safari hii tunawaletea habari za mtu wa mazingaombwe. Msitushangae. Namna alivyokufa inatuhusu sana sisi wa Kasulu na Kibondo, ambako baiskeli zenye mizigo na pikipiki huanguka mitelemkoni, watoto huanguka kutoka miembeni, na mtu akijiona hana jeraha hujifuta vumbi akaenda zake.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Erik Weisz. Alizaliwa mjini Budapest, Hungaria, tarehe 24 Machi, 1874. Baba yake alikuwa rabi, yaani mwalimu wa dini ya Kiyahudi. Mwaka 1878 mama na watoto walimfuata baba Marekani, wakakaa katika mji mdogo wa Appleton. Walikuwa maskini, na kijana alianza kutafuta riziki mapema. Alipojifunza mazingaombwe alijiita Houdini, kwa kulifuata jina la bingwa wa kazi hiyo wa Ufaransa. Mwaka 1894 alimwoa Bess, aliyekuwa mwenzake jukwaani.

Sifa yake ilitokana na kujifungua. Alifungwa pingu na polisi wa miji mingi ya Marekani na Ulaya, akatoka. Alifungwa minyororo, akatiwa sandukuni, sanduku likatupwa mtoni, akatoka. Tangu mwaka 1912 alikuwa akiningʼinizwa kichwa chini, miguu imebanwa, ndani ya tangi lililojaa maji. Wengine walidhani ana pepo. Yeye alikana sikuzote: alisema ni ujuzi wa makufuli, mazoezi, na mwili wenye nguvu.

Mama yake, aliyempenda mno, alifariki mwaka 1913. Watu waliodai kusema na wafu walimjia wakitaka kumfariji. Mwaka 1922 mke wa mwandishi mashuhuri Arthur Conan Doyle alimwandikia kurasa nyingi alizodai zinatoka kwa marehemu. Zilikuwa za Kiingereza, lugha ambayo mama hakuizungumza, na juu yake pamechorwa msalaba, ingawa mama alikuwa mke wa rabi! Tangu hapo Houdini alitumia muda na fedha nyingi kuwafichua wadanganyifu hao. Wapiga ramli wa kwetu wana bahati hakuishi hapa.

Sasa tufike mwaka 1926. Tarehe 11 Oktoba alivunjika kifundo cha mguu akiwa jukwaani mjini Albany, lakini aliendelea na safari. Tarehe 22 alikuwa Montreal, Kanada, amejinyosha kwenye kochi nyuma ya jukwaa. Mwanafunzi mmoja alimwuliza kama ni kweli anaweza kustahimili ngumi za tumboni. Houdini alikubali ajaribiwe. Kabla hajakaza misuli, kijana akampiga ngumi kadhaa kwa nguvu.

Maumivu yalianza siku hiyo hiyo, naye akayastahimili kama alivyozoea. Kesho yake usiku alipanda treni kwenda Detroit. Huko daktari alimpima, akaona homa na dalili za ugonjwa wa kidole tumbo, akataka apelekwe hospitali. Houdini alikwenda jukwaani, maana watu walikwisha kununua tiketi. Homa ilifika nyuzi 40. Alipopasuliwa tarehe 25 Oktoba, kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha umeenea tumboni. Penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Fleming aliiona mwaka 1928. Alipasuliwa tena, lakini akafariki tarehe 31 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 52.

Je, aliuawa na ngumi? Wakati ule wengi waliamini hivyo. Madaktari wengi wa leo wana shaka, kwa kuwa ni nadra sana pigo kuanzisha ugonjwa wa kidole tumbo. Huenda ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza, na ngumi zikampa sababu ya kuyadharau maumivu. Kwetu mambo huweza kugeuka: mtu aanguke, apate homa, aseme ni malaria, kumbe utumbo umetoboka.

Tumbo lililopigwa bila kuchanika ni fumbo hata kwa mganga mpasuaji. Bandama iliyovimba kwa malaria za mara kwa mara yaweza kupasuka kwa pigo dogo, na damu ikavujia ndani huku ngozi haina alama. Usukani wa baiskeli ukimchoma mtoto tumboni, utumbo waweza kutoboka, na dalili zisionekane wazi mpaka saa nyingi zipite. Mtu akiwa baridi, mapigo ya moyo yakikimbia na shinikizo la damu likishuka, na damu ikionekana tumboni kwa mashine ya altrasaundi au kwa sindano, hupasuliwa mara moja. Tumbo lote likiwa gumu kama ubao, vivyo hivyo. Lakini ambaye hali yake ni imara hulazwa na kuangaliwa: mapigo yahesabiwe tena na tena, na tumbo lipapaswe, ikiwezekana kwa mkono wa daktari yule yule. Bandama au ini lililochanika kidogo mara nyingi hupona pasipo kisu, hasa kwa mtoto, mradi chumba cha upasuaji kiwe karibu na damu ya kuongezewa iwepo.

Hapa ndipo tunapokosea sisi ndugu wa wagonjwa. Tunaona siku ya kwanza hakuna kisu wala dawa nyingi, tunasema hakuna wanachofanya, tunamchukua mgonjwa nyumbani. Usiku tumbo linavimba, na barabara kutoka vijijini kwenda Kibondo mjini au hospitali ya Kabanga ni ndefu, na masika huwa ndefu zaidi. Kule kuhesabu mapigo ndiyo kazi yenyewe. Hali ikibadilika, daktari hukata shauri la kupasua.

Basi, akiletwa aliyeanguka, mwelezeni daktari saa aliyoanguka, upande uliopigwa, na saa aliyokula mwisho. Akisema bega la kushoto linamwuma ingawa halikuguswa, semeni hilo pia, maana damu ya bandama huweza kuleta maumivu hayo. Msimkande tumbo wala kumpiga bomba la dawa za miti shamba. Na asile wala kunywa mpaka daktari aruhusu.